Kompyuta ya nyumbani: Tuchague diski ipi ya kutunzia kumbukumbu zetu?

Asubuhi moja ya mwezi wa Julai, wakati ambapo baridi ya Njombe humfanya mtu aone uzito hata kutoa mkono nje ya blanketi, tulisikia sauti ngeni ikitoka katika kompyuta ya nyumbani kwetu. Ilikuwa sauti ndogo ya kugonga, tak, tak, tak, kisha kimya, kisha ikaanza tena. Kioo kilibaki cheusi, kikiwa na maandishi machache meupe ya Kiingereza. Kaka yetu mkubwa, aliyekuwa amerejea usiku kutoka Makambako na kompyuta hiyo ndani ya begi, aliizima na kuiwasha mara ya pili, mara ya tatu, hata mara ya kumi. Mwishowe akaipiga kibao ubavuni, kama tulivyokuwa tukizipiga redio za zamani zilipokwama. Sauti ile ikazidi.

Ndani ya kompyuta hiyo mlikuwa na mambo matatu. La kwanza ni daftari la madeni ya duka letu dogo la vifaa vya ujenzi lililopo Makambako: nani amechukua mabati, nani amebakiza fedha za misumari, na nani ametuachia amana yake ili tumnunulie saruji akiwa shambani. La pili ni picha za familia za miaka mitatu. La tatu ni sauti ya marehemu mama yetu, aliyokuwa ameirekodi mjukuu wake, akiwatajia watoto majina ya wazee wa ukoo mmoja baada ya mwingine, na kila jina akilifuatisha dua.

Tuliifikisha kompyuta hiyo kwa fundi wa Makambako. Aliisikiliza kwa muda usiozidi nusu dakika, kisha akaizima.

"Kaka, kila ukiiwasha unaikwangua zaidi. Usiiwashe tena. Nakala nyingine iko wapi?"

Tulitazamana. Nakala nyingine haikuwapo.

Tumeona ni vyema tuyaandike yale tuliyojifunza baada ya mkasa huo, kwa kuwa kompyuta sasa zimeingia katika nyumba nyingi za waumini: kwa masomo ya watoto, kwa hesabu za biashara, kwa mawaidha yaliyorekodiwa na kwa picha za nikaha. Swali ambalo kila mnunuzi hukutana nalo dukani ni hili: achukue kompyuta yenye diski ngumu ya kuzunguka, au ile yenye diski ya kisasa isiyozunguka, ambayo kwenye lebo huandikwa kwa herufi tatu, SSD? Wauzaji wengi hujibu kwa neno moja, "SSD ndiyo nzuri." Jibu hilo lina ukweli, lakini halijakamilika.

Diski ni nini ndani ya kompyuta?

Wengi wetu huchanganya vitu viwili. Kipo kile kiitwacho RAM, ambacho ni mfano wa meza ya kufanyia kazi: kila kilicho juu yake hutoweka umeme unapokatika. Na ipo diski, ambayo ni mfano wa kabati: humo ndimo mnamokaa programu, barua, picha na sauti, hata kompyuta ikizimwa. Muuzaji akikwambia "hii ina nane na mia tano", mara nyingi ana maana ya gigabaiti 8 za RAM na gigabaiti 500 za diski. Ni wajibu wa mnunuzi kuuliza jambo la tatu: je, hizo mia tano ni za diski ngumu au za SSD?

Diski ngumu, ambayo kwenye lebo huandikwa HDD, ni teknolojia yenye umri mkubwa. Kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa ya kwanza mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja ikiwa na kipenyo cha inchi 24, na uzito wake ulikuwa karibu tani moja. Hata hivyo ilibeba herufi milioni tano tu, ambazo leo hazitoshi kuhifadhi picha moja kubwa ya simu. Diski tunazonunua sasa hutoshea kiganjani, lakini namna ya kufanya kazi imebaki ile ile. Ndani yake mna sahani zinazong'aa kama kioo, zilizopakwa utando wa sumaku. Sahani hizo huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Juu yake huelea kichwa kidogo kinachosoma na kuandika, nacho hakigusi sahani: hubebwa na utando mwembamba wa hewa, katika pengo ambalo ni dogo kuliko unene wa unywele kwa maelfu ya mara.

Hapo ndipo penye siri ya ile tak, tak tuliyoisikia. Diski inapotikiswa kwa nguvu ikiwa inazunguka, kichwa huweza kuigusa sahani na kuukwangua utando wenye maandishi. Kinachokwanguliwa hakirudi. Kaka yetu alikuwa na desturi ya kufunga kifuniko cha kompyuta bila kuizima, kuitia katika begi na kupanda gari. Kutoka Makambako hadi Njombe ni kilomita zipatazo 60, naye aliipita njia hiyo kila mwisho wa juma. Hatuwezi kuapa kwamba safari ndizo zilizoiua diski ile, lakini fundi alipouliza juu ya desturi hiyo na kujibiwa, alitikisa kichwa tu.

SSD ina tofauti gani?

SSD haina sahani, haina kichwa, wala haina mota. Ndani yake mna chipu tu, za jamaa moja na zile zilizomo katika flashi na katika simu zetu. Chipu za aina hii zilibuniwa na Mjapani Fujio Masuoka alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya Toshiba katika miaka ya 1980. Aina iitwayo NAND, ambayo ndiyo inayotumika katika SSD za leo, ilitangazwa mwaka 1987. Maandishi huhifadhiwa kwa chaji za umeme zilizofungiwa ndani ya vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho. Kwa kuwa hakuna kinachozunguka, mtikisiko wa barabara hauiathiri kama unavyoiathiri diski ngumu, wala haipigi kelele.

Faida yake kubwa zaidi ni wepesi. Tuchukue mfano wa maghala mawili ya duka. Katika ghala la kwanza mhudumu hupanda ngazi kwa kila bidhaa unayoitaja, hushuka nayo, kisha hupanda tena. Katika la pili, kila bidhaa iko mbele ya mkono wake. Ukitaka gunia moja kubwa, tofauti haitakuudhi sana. Lakini ukitaka vitu vidogo elfu moja, misumari hapa, bawaba pale, mhudumu wa ngazi atakuweka hadi adhuhuri. Kompyuta inapowaka husoma maelfu ya mafaili madogo yaliyotawanyika, na kila faili diski ngumu hulazimika kusogeza kichwa na kungoja sahani izunguke. Kungoja huko huchukua takribani milisekunde kumi kwa mara moja. SSD hufanya kazi hiyo hiyo kwa sehemu ya kumi ya milisekunde, au pungufu.

Kwa kunakili mafaili makubwa, diski ngumu ya kawaida husoma takribani megabaiti 100 hadi 200 kwa sekunde. SSD inayotumia kebo ya SATA hufika karibu megabaiti 500. Na zile za kadi nyembamba ziitwazo NVMe huweza kupita 3,000. Katika matumizi ya nyumbani, maana yake ni kwamba kompyuta iliyokuwa ikichukua dakika tatu au nne kuwaka hadi itumike, huweza kuwaka chini ya dakika moja. Tuliyaona hayo kwa macho yetu: fundi aliiwekea ile kompyuta yetu, yenye umri wa miaka saba, SSD ndogo ya gigabaiti 240, na watoto wakadhani imenunuliwa mpya.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ikiwa unayo kompyuta ya zamani iliyo nzito na unafikiria kuitupa, subiri kwanza. Mara nyingi mzigo wake uko kwenye diski. Kubadilisha diski peke yake hugharimu sehemu ndogo tu ya bei ya kompyuta nyingine, na kufuja mali ni jambo tuliloonywa.

Kasoro za SSD ambazo hazitajwi dukani

SSD nayo ina kasoro zake, na ni haki ya mnunuzi kuzijua.

Ya kwanza ni bei. Kwa kila gigabaiti, SSD ni ghali kuliko diski ngumu. Fedha itakayokupatia SSD ya ukubwa wa wastani huweza kukupatia diski ngumu yenye nafasi mara kadhaa. Mwenye video nyingi za mawaidha, arusi na mahafali ya madrasa ataiona tofauti hiyo mapema.

Ya pili ni kuchakaa kwa kuandikwa. Vile vyumba vidogo vya chaji hudhoofika kila vinapofutwa na kuandikwa upya. Hata hivyo, hofu ya jambo hili imekuzwa mno. Baadhi ya SSD za bei nafuu za gigabaiti 240 huandikiwa na watengenezaji kiwango cha terabaiti 80. Familia ikiandika gigabaiti 20 kila siku, jambo ambalo ni nyumba chache hulifanya, itachukua siku 4,000 kufika hapo, yaani karibu miaka 11. Kompyuta yenyewe huenda ikachoka kabla.

Ya tatu ndiyo kubwa zaidi: SSD mara nyingi hufa bila kuaga. Diski ngumu inayougua aghalabu hutoa ishara. Hugonga, hukoroma, hufungua faili moja kwa dakika nzima. Mwenye masikio hupata siku mbili tatu za kuokoa vyake. SSD huweza kufanya kazi vizuri leo usiku, na kesho asubuhi isitambulike kabisa. Na ikisha kufa, kuyarudisha yaliyomo ni kazi ngumu mno, hata kwa wenye maabara. Vilevile, faili lililofutwa kwa bahati mbaya katika SSD hupotea upesi, kwa kuwa SSD hujisafisha yenyewe kimyakimya ili ibaki nyepesi.

Ya nne inahusu kuhifadhi kabatini. Kwa kuwa maandishi yake ni chaji za umeme, SSD iliyokaa muda mrefu bila kuunganishwa huweza kuyasahau taratibu. Viwango vya JEDEC, chombo cha kimataifa cha watengenezaji wa vifaa vya elektroniki, vinataka SSD ya matumizi ya kawaida, iliyokwisha kutumika hadi ukomo wa kiwango chake, iweze kutunza yaliyomo kwa mwaka mmoja bila umeme katika joto la nyuzi 30. Iliyo mpya hustahimili zaidi ya hapo. Hata hivyo, anayetaka kufungia picha za wazazi wake sandukuni kwa miaka mingi, diski ngumu iliyozimwa na kutunzwa vizuri humfaa zaidi, maadamu huiunganisha mara moja moja kuikagua.

Baridi ya Njombe, njia panda ya Makambako

Kila mji una tabia yake, na kifaa hununuliwa kwa kuangalia mahali kitakapokaa.

Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Wapo waliotuuliza kama diski ngumu, inayotegemea hewa ili kichwa kielee, inaweza kufanya kazi katika hewa nyepesi ya nyanda za juu. Jibu ni kwamba inaweza. Watengenezaji wengi huweka ukomo wa takribani mita 3,000, na mji wetu uko chini ya hapo. Baridi ndiyo ya kutazamwa zaidi. Diski ngumu nyingi huandikiwa zisianzishwe katika joto lililo chini ya nyuzi 0 au 5, kutegemea aina. Katika alfajiri za Juni na Julai, kompyuta iliyolala katika stoo isiyo na moto haifai kuwashwa papo hapo.

Jambo jingine ni umande. Kompyuta iliyotoka katika baridi ya nje ikaingizwa ghafla katika chumba chenye jiko la mkaa na mvuke wa chungu, hupata matone ya maji juu ya vyuma vyake, kama kioo cha gari kinavyopata ukungu. Iache ndani ya begi lake kwa saa moja au zaidi hadi ipate joto la chumba, ndipo uiwashe. Nasaha hii ni kwa diski zote mbili, kwani umande hudhuru nyaya na chipu pia.

Makambako ni njia panda. Hapo barabara kuu iendayo Mbeya hukutana na ile iendayo Njombe na Songea, na reli ya TAZARA nayo hupita. Wafanyabiashara wengi, kama kaka yetu, huishi miji miwili na hubeba kompyuta mpakato kama wanavyobeba daftari. Kwa mtu wa namna hiyo hatuna shaka: kompyuta anayosafiri nayo iwe na SSD. Na ikiwa bado ina diski ngumu, basi aizime kabisa kabla ya kuifunga begini, asitosheke na kufunga kifuniko.

Kuhusu umeme, kukatika kwa ghafla hudhuru diski zote mbili, hasa wakati kompyuta inapoandika. Mpakato una betri yake, kwa hiyo una kinga. Lakini wengi hutumia mpakato wenye betri iliyokwisha kufa, na hapo kinga imeondoka. Mwenye kompyuta ya mezani na akatafuta UPS, hata ndogo ya kumpa dakika tano za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu, atakuwa amefanya jambo la busara.

Basi tuchague ipi?

Tumeziona nyumba za aina tatu, na kila moja ina jibu lake.

Nyumba ya mwanafunzi, ambayo kompyuta ni ya kuandikia, kusomea na kuperuzi intaneti, inatoshwa na SSD moja ya gigabaiti 240 au 256. Hana haja ya terabaiti.

Nyumba ya mfanyabiashara anayesafiri inahitaji SSD ndani ya kompyuta, ikiwezekana ya gigabaiti 480 au 500, na diski ngumu ya nje inayobaki nyumbani.

Nyumba yenye picha na video nyingi, na kompyuta yake ya mezani haitoki chumbani, hufaidika kwa kuzitumia zote mbili: SSD ndogo kwa ajili ya mfumo endeshi na programu, na diski ngumu kubwa kwa ajili ya hazina. Kompyuta nyingi za mezani zina nafasi ya diski mbili.

Unapokwenda dukani, chukua kompyuta yako au uandike aina yake. SSD ya inchi 2.5 yenye kebo ya SATA huingia mahali pale pale palipotoka diski ngumu ya mpakato. Zile za kadi nyembamba, ziitwazo M.2, zina mtego: umbo linaweza kufanana, lakini nyingine ni za SATA na nyingine ni za NVMe, na si kila kompyuta hupokea zote. Fundi aangalie kabla hujalipa.

Jihadhari na vifaa vya kughushi. Flashi au diski ya nje iliyoandikwa terabaiti kadhaa kwa bei ya chakula cha siku mbili ni ya kutiliwa shaka. Ndani yake huwa mna chipu ndogo iliyofundishwa kusema uongo: kompyuta huonyeshwa nafasi kubwa, na ikisha kujaa ile kidogo ya kweli, mafaili mapya huyafuta ya zamani bila onyo lolote. Ipo programu ya bure iitwayo H2testw inayojaza kifaa chote na kusoma tena ili kuthibitisha. Kwa kompyuta iliyotumika, ombeni muuzaji awaonyeshe hali ya diski kwa programu ya CrystalDiskInfo, nayo ni ya bure. Huonyesha saa ilizofanya kazi na kama imeanza kuugua. Muuzaji mwaminifu hatachukia kuombwa hivyo. Na risiti muitunze.

Diski ngumu ya zamani iliyotolewa nayo msiitupe. Ikiwa bado ni nzima, kwa kasha dogo la USB hugeuka diski ya nje. Na ikiwa mnaiuza pamoja na kompyuta, kumbukeni sitara ya nyumba: kufuta picha kwa kawaida hakuziondoi katika diski ngumu, bali huondoa jina lake tu, na mtu mwenye programu ndogo huweza kuzirudisha picha za mama na dada zenu. Mwambieni fundi aiandike diski yote upya, tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa SSD, mtengenezaji wake aghalabu hutoa programu maalumu ya kuisafisha.

Nakala ya pili

Baada ya hayo yote, turudi katika swali la yule fundi: nakala nyingine iko wapi?

Hakuna diski, ya kuzunguka wala isiyozunguka, ambayo haitakufa siku moja. Ukinunua SSD bora kuliko zote ukaweka ndani yake nakala pekee ya kitu usichoweza kukipata tena, umeahirisha msiba tu. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ipi ni nzuri, familia ijiulize ni mafaili gani ambayo yakipotea hatutayapata tena popote. Programu hupatikana tena. Filamu hupatikana tena. Hesabu za amana za watu, hati za shamba zilizopigwa picha, na sauti ya mzazi aliyefariki, hazipatikani.

Hayo machache yawe na nakala mbili mbali na ile iliyomo katika kompyuta, na moja isikae chini ya paa lile lile, kwa kuwa moto na mwizi havichagui. Sisi sasa tunazo diski mbili ngumu za nje. Moja ipo Njombe, nyingine ipo Makambako. Kila mwezi kaka yetu huileta ile ya huko na kuichukua ya huku, zikiwa zimezimwa na kufungwa kwa taulo. Watoto ndio wanaonakili, na hufungua faili mbili tatu kuhakikisha kwamba nakala inasomeka, kwa sababu nakala isiyowahi kufunguliwa hujui kama ipo. Kazi hiyo haizidi saa moja.

Mambo matatu yaliyopotea siku ile hayakuwa na mwisho mmoja. Picha tulizikusanya kidogo kidogo kutoka katika simu za ndugu, na tulipata kama nusu yake.

Daftari la madeni lilitutia hofu zaidi. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni. Nasi tulikuwa tumeandika, lakini tumeandika mahali pamoja. Kaka yetu aliamua kusema kweli. Aliwaeleza wateja wake kwamba kumbukumbu zimeharibika, na akaomba kila mmoja aseme anachodaiwa na anachodai. Wale waliotuachia amana tuliwalipa kwa kauli zao. Na wale waliokuwa wakidaiwa, walianza kuja mmoja mmoja. Mzee mmoja alitoka shambani kwake kwa miguu kuja kutuambia kwamba bado ana deni la mabati manne, deni ambalo sisi hatukulikumbuka kabisa. Si wote waliokuja, lakini waliokuja ni wengi kuliko tulivyotazamia. Siku hizi daftari la karatasi limerudi kaunta, na kila jioni huingizwa katika kompyuta.

Ama sauti ya mama, haikurudi. Fundi alitueleza kwamba zipo maabara nje ya nchi zinazofungua diski katika vyumba visivyo na vumbi, lakini gharama yake ilituzidi, na sahani ilikuwa imekwanguliwa sana kwa ule uwashaji wa mara kumi. Diski ile tumeihifadhi, hatukuitupa. Mjukuu aliyeirekodi sauti hiyo anayakumbuka majina kumi na moja kati ya kumi na manne. Tumemkalisha na shangazi yetu mkubwa, naye ameongeza mawili.

Safari hii tumerekodi, na tumenakili mara mbili siku hiyo hiyo. Jina moja bado tunalitafuta.